Mbwa anatweta na hatulii: kutafuta chanzo katika joto la kaskazi

Ikiwa sasa hivi mbwa wako anayumba kama mlevi, anatapika, au ameanguka na hainuki ukimwita, usianzie hapa. Shuka hadi penye kichwa "Ameanguka" uanze kummwagia maji. Mengine utayasoma baadaye.

Kwa waliobaki, nianze na usiku mmoja wa Januari, nyumbani kwetu Dar es Salaam. Saa 4 usiku mlinzi aligonga dirisha. "Mama, huyu Tomi hajafunga mdomo tangu magharibi." Nikatoka na tochi. Tomi ni chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, ana kilo 28. Alikuwa amejilaza kwenye mchanga mbele ya banda lake, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka. Hakuwa amekimbia, karai la maji lilikuwa limejaa, na jua lilikuwa limezama saa nyingi. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa banda. Ulikuwa wa moto bado, kama jiko lililozimwa nusu saa iliyopita.

Nitarudi kwenye lile banda. Kwanza tuelewane jinsi mbwa anavyojipoza, maana bila hilo utapapasa tu.

Sisi tukiona joto tunatoka jasho mwili mzima. Mbwa vitezi vyake vya jasho viko kwenye nyayo, na mchango wake ni mdogo mno. Kazi karibu yote inafanywa na pumzi: anapotweta, hewa hupita mbio juu ya ulimi na ndani ya pua na koo, unyevu wa huko unageuka mvuke, na mvuke ukiondoka unaondoka na joto. Sasa fikiria nguo ulizoanika usiku wa Februari, asubuhi unazikuta bado zina majimaji. Ulimi wa mbwa nao ni nguo kwenye kamba hiyo hiyo. Hewa ikiwa imeshashiba maji haipokei mvuke zaidi, kwa hiyo nyuzi 32 za Pwani humtesa kuliko nyuzi 32 za Dodoma. Basi kwa kila dalili hapa chini swali langu la kwanza ni hilo hilo: pumzi yake inazuiwa na nini?

Anatweta mchana, akipata kivuli anatulia

Hii ni kawaida. Mpe kivuli, maji na dakika 10 hadi 15. Pumzi ikianza kushuka na mdomo ukafungwa, mwili wake unafanya kazi. Akiwa amelala fofofo, mbwa mzima huvuta pumzi kati ya 15 na 30 kwa dakika. Hesabu mbavu zikipanda kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya hivyo siku chache akiwa mzima ili uijue hesabu yake. Siku ya siku utashukuru.

Mbwa akichimba shimo chini ya maua yako na kujilaza humo, mwache. Anatafuta udongo wa chini ulio baridi, na ana akili kuliko fundi aliyemjengea banda.

Anatweta hata usiku, na jua halipo

Hapa, mara nyingi, mgonjwa ni banda.

La Tomi tulilijenga Julai. Tulichagua mahali penye kivuli kizuri, upande wa kusini wa ukuta wa uzio, tukajipongeza. Tulichosahau ni kwamba Dar iko kusini ya ikweta kwa nyuzi karibu 7. Julai, jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini wa utosi, kwa hiyo ukuta wa mita 2 unamwaga kivuli cha kama mita moja upande wa kusini. Januari jua limeshavuka. Adhuhuri liko kusini ya utosi, na ukuta ule ule unatoa kivuli cha nusu mita tu, tena upande wa pili. Banda likabaki juani kutwa nzima. Juu ya hayo, upepo wa msimu huo unatoka kaskazini-mashariki, na ukuta wetu ndio ulioukata. Yaani tulimnyima Tomi kivuli na upepo kwa mpigo mmoja, na mwezi Julai kila kitu kilionekana sawa. Tanga, Unguja na Mombasa mambo ni hayo hayo.

Jinsi ya kujua: chagua siku ya jua kali kati ya Desemba na Machi, piga picha ya banda saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni. Ukikuta jua kwenye picha mbili kati ya hizo, banda lihame. Kisha saa 3 usiku gusa kuta na bati kwa kiganja. Tofali na zege hunywa joto mchana na kulitapika usiku, wakati ule ule mbwa anapotaka kupumzika.

Vyanzo vingine vya dalili hii, kwa mpangilio wa jinsi ninavyovikuta kwa majirani:

Bati tupu juu ya kichwa. Bati la mabanda mengi ya mbwa liko kimo cha kiuno, na joto lake linamshukia mbwa moja kwa moja. Tandika makuti juu yake ukiacha nafasi ya kupitisha hewa kati ya bati na makuti, au lipake rangi nyeupe. Chokaa nayo inasaidia mpaka mvua iioshe.

Kuta tatu za tofali na mlango mmoja wa nondo. Hewa inaingia haina pa kutokea. Mbwa anapumua mvuke wake mwenyewe, na ukimwagia maji ndani humo kumpoza unaongeza unyevu tu. Toboa ukuta wa nyuma, uwe na wavu unaotazamana na mlango.

Mnyororo. Kivuli kinatembea, mbwa aliyefungwa hatembei nacho. Anaukunja mnyororo kwenye nguzo, anapindua karai la maji saa 5 asubuhi, na wewe unarudi kazini saa 12 jioni. Kama ni lazima afungwe, afungwe usiku. Mchana awe na uwanja wa kuchagua mwenyewe pa kulala.

Feni. Wengine wamefunga feni na bado mbwa anatweta, wakashangaa. Feni inatupoza sisi kwa sababu ina jasho la kukausha. Juu ya mbwa mkavu inasukuma hewa ile ile tu. Mloweshe tumbo, mapaja kwa ndani na nyayo, kisha washa feni. Utaona tofauti ndani ya dakika chache.

La Tomi tulilihamishia chini ya mwarobaini, tukaliinua juu ya matofali na kufungua nyuma. Kuta za tofali hatukuzirudisha, tuliweka mbao zenye mianya. Usiku wa tatu mlinzi alikuja kulalamika kwamba mbwa sasa amelala mno.

Maji yapo lakini hanywi

Tia kidole kwanza. Maji kwenye sufuria ya alumini iliyokaa juani hadi saa 8 mchana, wewe mwenyewe usingeyanywa. Mbwa anahitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani Tomi lita moja na nusu hivi, na siku za joto anaweza kufikisha mara mbili ya hapo. Weka vyombo viwili mahali tofauti, kimoja kisipinduke. Dawa ya bibi zetu inafanya kazi hapa: chungu cha udongo kisichopakwa rangi, chenye mdomo mpana, kikiwa kivulini na kwenye upepo, kinapoza maji bila umeme. Kisafishwe kila siku, utelezi unakaa haraka.

Dagaa wa chumvi kwenye ugali wake wapunguzwe. Mlo mkubwa usiwe mchana: mpe alfajiri na jioni.

Lakini asiyegusa maji, hali chakula, na anatapika, usihangaike na chungu. Huyo ni wa daktari.

Hajakaa juani, na bado mwili ni wa moto

Pua kavu haikuambii kitu, na kumgusa masikio ni kubahatisha. Nunua kipimajoto cha kidijitali duka la dawa, kipake mafuta ya mgando, kiingize kwenye njia ya haja kubwa sentimita mbili au tatu, na mwenzio amshike kichwa. Mbwa mzima husoma nyuzi 38.3 hadi 39.2. Mtu mwenye kipimo hicho angekuwa na homa, mbwa hana. Kuanzia 40 kuna tatizo. Kuanzia 41 viungo vya ndani vimeanza kuumia.

Pima alfajiri, wakati hewa imepoa na amelala. Ukipata 40 saa 11 alfajiri, joto halitoki angani, linatoka ndani: ni homa. Pwani mshukiwa wa kwanza ni kupe. Kagua ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Angalia fizi: zikiwa nyeupe badala ya waridi, au mkojo ni wa rangi ya kahawa, au damu inatoka puani bila kugongwa, hayo ni magonjwa yanayoletwa na kupe na yana dawa zake, ila hazipatikani kwa kusubiri.

Jike anayenyonyesha ni habari nyingine. Akiwa na watoto wa wiki moja hadi nne, akaanza kutweta, kuhangaika, kutembea kwa miguu iliyokakamaa na kutetemeka, kalsiamu yake imeshuka. Joto la mwili nalo linapanda kwa sababu ya kutetemeka, ndiyo maana watu hudhani ni kaskazi. Watenge watoto, mpeleke kwa daktari mara moja. Saa chache zinatosha kumuua.

Jambo moja ambalo kwetu linaua kimya kimya: usimpe paracetamol, diclofenac wala ibuprofen. Mtoto wa mtu anapewa, mbwa hapana. Zinaharibu ini, tumbo na figo zake. Na kama tatizo ni joto la jua, haziwezi kulishusha hata kidogo, kwa sababu zinatibu homa, na huyo hana homa.

Mate yanachuruzika

Simama hapo hapo kabla ya kumgusa mdomo.

Mate mazito yanayovutika kama uzi, kwa mbwa aliyekuwa akikimbia au amefungwa juani, fizi nyekundu kama pilipili: joto. Nenda "Ameanguka" hata kama hajaanguka bado.

Mate mengi mepesi, macho yanatoa machozi, mboni ndogo kama ncha ya sindano, misuli inarukaruka, anaharisha: fikiria sumu. Uliza kwanza nyumbani kwako. Nimeona mbwa wameogeshwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe iliyokorogwa kwa macho, na ng'ombe ana kilo 300. Vaa glavu, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, chukua chupa ya dawa uende nayo kwa daktari.

Mate yanamtoka, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika, amekuwa mkali bila sababu au mpole kupita kiasi, na hana chanjo ya karibuni: chukulia ni kichaa cha mbwa. Usitie mkono mdomoni eti kuna mfupa umekwama. Mfungie mahali, mwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate hayo kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Hilo halingoji kesho.

Anapumua kwa kelele

Pug, Bulldog, Boxer na wote wenye pua iliyobonyea: njia ya hewa ni finyu tangu kuzaliwa, na pumzi ndiyo mashine yao pekee ya kupoza. Kusema kweli, mbwa hawa hawakuumbiwa Pwani. Ukiwa naye, kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni akae ndani, kwenye sakafu ya vigae na hewa inayopita. Labrador mzee anayekoroma akiwa macho huenda koo limeanza kulegea. Apimwe kabla ya Desemba. Mnene apunguzwe. Na kifunga mdomo cha kitambaa kinachobana, kile wanachovishwa mbwa wa ulinzi, kinamzuia kutweta. Tumia cha wavu kinachomruhusu kufungua mdomo mzima.

Manyoya? Piga brashi utoe manyoya ya ndani yaliyokufa. Usimnyoe German Shepherd hadi ngozi ionekane, jua litamchoma.

Anachechemea baada ya matembezi

Lami. Weka mgongo wa kiganja juu yake kwa sekunde 7; ukishindwa kuvumilia, naye hawezi. Pevingi za uani, zile Wakenya wanaziita kabro, ni hivyo hivyo. Angalia nyayo kama zina malengelenge, zipoze kwa maji, na matembezi yawe kabla ya saa 1 asubuhi. Jioni lami hukaa na joto muda mrefu kuliko unavyodhani.

Alibaki garini

"Nilishuka dakika tano tu." Nje kukiwa na nyuzi 30, gari lililozimwa hukaribia 40 ndani ya dakika 10, na nusu saa ikifika limevuka 45. Kioo kilichoachwa wazi vidole viwili hakibadilishi mengi. Ukimkuta anatweta kwa fujo, usianze safari ya kliniki kwanza. Soma yanayofuata.

Ameanguka

Kosa kubwa, na nalielewa kwa sababu ndilo moyo unalotaka, ni kumbeba mbio kwenye gari na kuingia kwenye foleni. Saa nzima barabarani mwili uko kwenye nyuzi 41 au 42, unaiva. Poza kwanza, safiri baadaye. Wakati mmoja anapoza, mwingine apige simu kwa daktari.

Mtoe juani, mweke sakafuni penye upepo. Fungua bomba na uache maji yatoke kwanza, maana yaliyolala ndani ya mpira uliokaa juani yanaweza kumchoma. Hili watu wengi hawalijui. Yakishakuwa ya kawaida, mmwagie mfululizo tumboni, mapajani, kwapani, shingoni na mgongoni, ukiyapenyeza manyoya kwa vidole mpaka ngozi ilowe. Maji ya bomba ya Dar ni vuguvugu, lakini mbele ya mwili wa nyuzi 41 ni baridi tosha. Ukiwa na barafu, itie kwenye ndoo ya maji. Maji yasiingie puani. Feni iwake, au mtu apepee kwa sinia.

Kama aliyepo ni mlinzi Mwislamu asiyependa kugusa mate ya mbwa, hilo lisimcheleweshe: mpira wa maji na feni vinafanya kazi bila mkono kumgusa mbwa. Mweleze mapema, kabla ya siku hiyo kufika, na umwoneshe bomba lilipo.

Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha. Baada ya dakika chache linapata joto na kuwa blanketi. Usimpake spiriti. Usimmiminie maji mdomoni akiwa hajitambui, yataingia mapafuni. Akiinua kichwa mwenyewe, mwekee bakuli anywe kidogo kidogo.

Pima joto kila baada ya dakika tano. Likifika kama 39.5 acha kummwagia, kwani litaendelea kushuka lenyewe, na ukizidisha atapata baridi. Huna kipimajoto? Acha pumzi inapopungua na anapoanza kukutazama.

Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi kabla ya sekunde 2. Ikichelewa, au fizi ni za kijivu au samawati, au degedege limeanza, dakika chache za maji zinatosha: nendeni, akiwa bado amelowa, madirisha wazi au kiyoyozi kikivuma.

Na nendeni hata akisimama na kutingisha mkia. Figo, ini na mfumo wa kugandisha damu vinaweza kuonesha madhara siku moja hadi tatu baadaye. Daktari mwambie mambo manne: alianza saa ngapi, alikuwa akifanya nini, kipimo cha kwanza kilikuwa ngapi, na umempoza kwa muda gani. Ukirudi naye, kwa siku hizo tatu angalia kuhara damu, vidoa vyekundu kwenye ngozi ya tumbo, mkojo mweusi au kukosa mkojo kabisa. Kimojawapo kikitokea, rudini, hata kama ni usiku.